Wino wa Kahawia Chini ya Kawa

Aibu hii niliipika mwenyewe na kuipakua mwenyewe, na kwa kuwa Bagamoyo nzima inaisimulia kila mtu kwa namna yake (wapo wanaosema watu walilazwa, wapo wanaosema polisi walikuja, na nimesikia kwamba huko Msata wanadai nilikuwa nauza dawa ya mapenzi), nimeona bora niisimulie mimi niliyekuwepo, ili anayecheka angalau acheke kilichotokea kweli.

Kwanza mnijue. Mimi ni Shaweji, mzaliwa wa Fukayosi, mtoto wa wakulima wa mihogo, niliyeondoka nyumbani na begi moja lenye zipu mbovu nikaenda Maskati bila ndugu wa kunipokea, nikaanza kwa kufagia katika duka la kuchapa kadi za harusi, nikapanda hadi kukata karatasi, kutoka kukata karatasi hadi kuchora herufi, na jioni nikasoma chuo mpaka nikapata stashahada ya khati na usanifu, ambayo niliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni kwa Mama, hapa mjini, hapo hapo usawa wa macho, mgeni asipate taabu ya kuitafuta. Nina kiwanja Mapinga. Nina kalamu ya wino yenye ncha ya dhahabu. Haya siyasemi kwa kujisifu (sawa, kwa kujisifu kidogo), nayasema ili mjue nilikuwa nimekaa juu kiasi gani kabla sijadondoka.

Niliporudi nilikuwa na mpango. Watu wa huku siku hizi wanachapisha kadi za harusi kwa kompyuta, zinatoka zote sura moja kama biskuti za pakiti, na mimi nikasema nitaleta kadi za mkono, jina la kila mwalikwa limeandikwa kwa kalamu, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na zote kwa wino wa kahawia. Kwa nini kahawia? Kwa sababu wino mweusi ni wa mahakamani, wa bluu ni wa watoto wa shule, mwekundu ni wa mwalimu anayekukosoa. Kahawia ni wa mtu aliyetulia.

Lakini wino wa kahawia si wino mmoja, na hapa ndipo elimu inapoanza. Nilikuwa na chupa sita, na kwa kuwa majina yake yalikuwa ya Kijerumani ambacho sikijui, nilizipa majina yangu: kahawa, tende, karafuu, sukari guru, chai ya rangi, na kutu. Sasa chukua tende, iandike kwenye karatasi ya daftari la shule: inasambaa, herufi zinaota ndevu, na rangi yote inakuwa ya tope la masika. Iandike kwenye karatasi ya fotokopi: inanywea, inakauka upesi, inabaki rangi ya ukuta wa zamani. Lakini iandike kwenye ile karatasi laini niliyokuja nayo kutoka Maskati, nyembamba na ngumu kama ganda la kitunguu, basi wino haunyweki, unakaa juu juu, pale kalamu ilipoanzia unang'aa kama asali na pale ilipoinuka unaiva kama tende yenyewe, na pembeni kuna uzi mwekundu unaouona ukiigeuza karatasi kwenye mwanga. Wino ule ule, mkono ule ule! Karafuu kwenye kadi ya manila inaonekana nyekundu, kwenye karatasi laini inaelekea ukijani. Ni kutu peke yake isiyobadilika sana, kwa sababu ule ni wino wenye chuma ndani, unauma karatasi, ukishakauka haubanduki hata kwa maji.

Mjomba Kondo, kaka yake Mama, nilipomweleza yote haya alinisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna tambuu yake, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba miaka yote ile ya Maskati nilikuwa najifunza kuandika. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mbona huku watoto wanamaliza darasa la pili?"

Baraza zima lilicheka, na kicheko kile kilinikaa. Basi mjue kwamba jambo nililolitaka kuliko yote lilikuwa hilo tu, kumfunga mdomo Mjomba Kondo na wote waliocheka naye, na mtu wa kunisaidia kuufunga alikuwa Bi Shemsa.

Bi Shemsa ni mama wa mjini, ukoo wao ulitoka Omani zamani, wana duka la vitambaa na vyombo ambalo babu zetu walinunua humo na sisi tunanunua humo, na alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Harusi ya Bi Shemsa kadi zake hufika Tanga, Unguja, na Maskati kwenyewe. Nikienda mimi na kalamu yangu kwenye kadi zile, nani tena ataniuliza darasa la pili? Nilimfuata dukani, nikamweleza habari ya kahawia mpaka wateja wakaanza kukohoa, na mwisho akasema hawezi kukata shauri kwa maneno, anataka kuona kwa macho yake kila wino umekaaje kwenye karatasi. Nikamwambia, njoo nyumbani Alhamisi.

Sasa Alhamisi hiyo ilikuwa pia siku ya dua ya Mama. Mama alikuwa ameugua kifua muda mrefu, akapata nafuu, na majirani walikuwa wanakuja asubuhi kumwombea. Mtu mwenye akili angempangia Bi Shemsa siku nyingine. Mimi niliipenda siku ile kwa sababu hiyo hiyo: watu watakuwepo, Mjomba Kondo atakuwepo, wataona kwa macho yao Bi Shemsa akiinama juu ya kazi yangu.

Na kulikuwa na jambo la tatu siku hiyo, ambalo nililisikia kwa sikio moja. Mama alikuwa amemwomba Maalim Jumbe, anayefundisha madrasa ya mtaa wetu, amwandikie kombe la kifua. (Kwa asiyelijua kombe: mwalimu anaandika aya kwa zafarani, kwenye sahani nyeupe au kwenye karatasi, maandishi yanaoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa anayanywa. Mama amenywa makombe tangu utoto wake na mimi nimenyweshwa, sina la kuyasemea vibaya.) Maalim aliahidi kulileta Alhamisi hiyo hiyo kabla ya dua.

Baada ya sala ya alfajiri nikakaa uani na kalamu yangu. Karatasi sita, wino sita: nne za ile karatasi laini kwa wino nne zilizo nzuri zaidi, moja ya daftari na moja ya fotokopi ili Bi Shemsa aone tofauti. Niliandika kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo nilizotaka azione kwanza, mstari mmoja wa Kiswahili, ule ule kwenye kila karatasi. Fundi akijaribu kalamu huandika lolote linalomjia, na mimi linalonijia mara nyingi ni mimi. Mstari wenyewe mtausikia mbele, tena mtausikia kama nilivyousikia mimi, hadharani.

Nilipomaliza nikakutana na lile tatizo la karatasi laini, kwamba uzuri wake ni ule wino kukaa juu juu, na kwa sababu hiyo hiyo haukauki upesi. Na uani kulikuwa na upepo wa kaskazi unaokokota vumbi, na kuku wa jirani waliokuwa wanapita kama wamealikwa. Nikatazama huku na huku. Chumbani kwa Mama hakuna upepo. Nikachukua sinia, nikazipanga karatasi zangu vizuri juu yake, nikaliweka juu ya meza ndogo kando ya kitanda cha Mama, nikalifunika kwa kawa lake zuri la ukili wa rangi, lisiguse maandishi.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu. Mama alikuwa anaoga. Sikumwachia neno. Nikatoka kwenda kunyoa, kuchukua kanzu yangu kwa dobi na kununua halua.

Kwa dobi nilichelewa, kwa kinyozi nilichelewa zaidi (nilikuwa nawaeleza habari ya kahawia), nikarudi nikakuta dua imekwisha, ukumbi na baraza vimejaa, wanawake ndani, wanaume nje, udi unafuka, na Bi Shemsa amekaa kwenye kiti cha heshima karibu na mlango, chini ya stashahada yangu kabisa, kama vile alipangwa. Nikamwamkia, shikamoo Bi Shemsa, akaitika marahaba, akaniuliza safari na nyumba na mama, nikajibu moja moja. Alikuwa anajisugua goti. Goti hilo linamsumbua tangu zamani, na walikuwa wakilizungumza na Mama nilipoingia.

Mama akatoka chumbani na vikombe juu ya trei. Alikuwa amechangamka, uso umemwiva kwa furaha, nami nikafurahi kumwona hivyo. Akampa kikombe kimoja Bi Shemsa akimwambia kwa sauti ya chini kwamba hiki ni kwa ajili ya goti, akakitoa kingine mlangoni kwa Mjomba Kondo, ambaye mgongo wake una habari zake, na cha tatu akakishika mwenyewe. Nilidhani ni sharubati. Harufu ya waridi ilinifikia na bado nilidhani ni sharubati.

Bi Shemsa alikitazama kikombe kidogo. Na mimi (hapa ndipo ninapotamani ardhi ipasuke kila nikikumbuka), mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu, nikamwambia mbele ya watu wote, "Kunywa, Bi Shemsa, hapa ni kwenu."

Akasema bismillahi, akanywa mpaka mwisho. Mama akanywa. Mjomba Kondo akanywa akakunja uso, akasema Maalim safari hii hakubana mkono, limekolea kweli. Hilo nalo nililisikia, na halikuniambia kitu, kwa sababu kichwani nilikuwa napanga hotuba.

Nikasimama katikati ya mlango, wanaume wanione na wanawake wanione, nikatoa hotuba yangu. Nikaeleza nilikotoka, Fukayosi na mihogo, nikaeleza Maskati, nikainyooshea mkono stashahada, nikaeleza namna kahawia moja inavyobadilika juu ya karatasi kama mtu anavyobadilika juu ya cheo, nikasema leo mtashuhudia kitu ambacho hakijawahi kuonekana katika wilaya hii. Nikaona simu mbili tatu zimeinuliwa zinanirekodi na nikageuka kidogo zinipate vizuri upande wa kulia. Kisha nikaita kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Mama, naomba lile sinia lililo chini ya kawa."

Mama akaniangalia. "Sinia lipi?"

"La chumbani kwako, mezani."

"Lile la Maalim?"

Nikacheka. Nikamwambia si la Maalim, Mama, ni langu, zile karatasi zangu. Na Mama akafungua mdomo kujibu, na kabla hajajibu ikasikika hodi barazani, watu wakampisha mtu, na akaingia Maalim Jumbe, kofia imekaa upande, jasho linamtoka, na mkononi ana sahani nyeupe iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Unisamehe sana, Bi Mwanaidi," alimwambia Mama. "Pikipiki imenizimikia njiani. Kombe lako hili hapa."

Nilisikia feni. Nilisikia kuku wa jirani. Nikaiona miguu yangu inakwenda chumbani yenyewe, nikafika kwenye ile meza, kawa limewekwa pembeni kwa adabu, na kwenye sinia kuna karatasi zangu sita, zimelowa.

Zile za karatasi laini, nne zile nilizojivunia, tatu zilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, kama zimetoka dukani. Wino ulikuwa umekaa juu juu, na Mama alipomimina maji ya waridi ulishuka wote kwenye kikombe bila ubishi, kila karatasi na kikombe chake. Ya daftari, kwa maji yaliyotapakaa kwenye sinia, ilikuwa imekuwa uji wa rangi ya tope. Ya fotokopi ilibaki na kivuli cha herufi, kama mtu aliyefutwa kwenye picha. Na ile ya nne ya karatasi laini, niliyoiandika kwa wino wa kutu, ile ilikuwa imelowa tu kama zingine lakini maandishi yake yalikuwa pale pale, herufi kwa herufi, hata nukta haijasogea.

Nilitakiwa niifiche. Nilitakiwa niitie mfukoni, niimeze, chochote. Lakini mtu akishikwa na butwaa mwili hufanya uliloagizwa mwisho, na nililokuwa nimeliagiza ni sinia, basi nikalibeba sinia mikono miwili nikatoka nalo ukumbini, nikasimama nalo mbele ya Bi Shemsa kama mhudumu wa hoteli.

Akalitazama. Akatazama vikombe. Akanitazama mimi.

"Shaweji, hizi ndizo nilizokuja kuziona?"

"Ndizo, Bi Shemsa."

"Sasa mimi nimekunywa nini?"

Mama akakaa chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliingia chumbani akaona kawa lake limefunika kitu, akafunua akaona herufi za Kiarabu, akaona rangi ya zafarani, na miwani hakuwa nayo, na akamshukuru Maalim moyoni kwa kulileta mapema bila kumsumbua, na kwa kuwa karatasi zilikuwa nyingi akaona si vizuri kunywa peke yake na wageni wanaumwa. Alivyokuwa akisema nilielewa kila hatua, na kila hatua ilikuwa ya mtu mwema, na mwanzo wa zote alikuwa mimi.

Maalim Jumbe, masikini, alikuwa bado ameshika sahani yake. Akauliza kwa upole, hizo karatasi zilikuwa zimeandikwa nini? Maana, alisema, kama ni maneno mazuri basi hakuna ubaya mkubwa. Na Bi Shemsa, ambaye alisoma chuo cha Kurani tangu mdogo na barua za biashara za baba yake zilikuwa zote za herufi hizo, akafungua mkoba wake, akatoa miwani, akaichukua ile karatasi ya kutu kwa ncha za vidole. Nikasema, Bi Shemsa, hiyo ni ya majaribio tu, haina maana. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma mtu mbele ya watu waliokuja kwenye dua:

"Huu ni mkono wa Shaweji, mwenye stashahada, bingwa wa mabingwa. Kutoka Msata hadi Mapinga, hajazaliwa wa kumfikia."

Hakuna aliyecheka mara moja. Hilo ndilo lililoniua. Walikuwa wanasubiri labda kuna mstari wa pili.

Kisha kutoka mlangoni Mjomba Kondo akasema, "Ndiyo maana tumbo langu limejaa upepo."

Hapo nyumba ikapasuka. Wanawake walijifunika kanga, wanaume barazani wakapigana mabega, Maalim mwenyewe aligeukia ukutani na nikaona mgongo wake unatikisika. Nami nilikuwa nimesimama na sinia langu, na katikati ya kicheko kile likanijia jambo: kwamba huu si utani, hawa watu watatu wamekunywa wino wa chupani, mmoja wao ni mama yangu aliyetoka kuugua kifua. Nilikumbuka kwamba kwenye chupa kuna maandishi madogo ya Kijerumani na kichwani mwangu hakuna hata neno moja la Kijerumani. Nikapiga kelele watafutiwe bajaji.

Kicheko kikakatika. Sasa ikawa vilio na "laa ilaha", na mtu anasema wapewe maziwa, na mwingine anasema wasipewe maziwa, na Mjomba Kondo ambaye dakika ile alikuwa mzima akaanza kusema hamwoni vizuri mtu aliye mbele yake. Bajaji mbili zilipatikana. Nilipanda na Mama na chupa zangu tatu mapajani, za wino uliooshwa, na njia nzima nilimshika mkono na yeye hakunitazama. Nyuma yetu kulikuwa na msafara wa pikipiki wa watu waliokuja kwenye dua, na kwa mujibu wa dobi wangu aliyetuona tunapita, ilionekana kama tunapeleka bibi harusi.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, mtulivu. Akauliza wamekunywa nini. Nikaanza kumweleza kwamba wino wa kahawia si wino mmoja, na akasema, "Kaka, nijibu tu, usinihutubie." Nikampa chupa. Akatazama, akaingia kwenye simu yake, akasoma, akampigia mtu, na nyakati zote hizo nilikuwa nautazama uso wake kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Mwisho akasema kwamba wino wa aina hii kwa sehemu kubwa ni maji na rangi, na matone machache kwenye kikombe hayatamdhuru mtu mzima, wanywe maji mengi, wakae kidogo hapo awaangalie. Nilimshukuru Mungu mpaka nikakaa sakafuni na kanzu yangu ya dobi.

Kisha akawaambia watoe ndimi.

Nisingependa kulieleza hili lakini bila hili mkasa haujakamilika. Watatu wale walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, Mama, Bi Shemsa, Mjomba Kondo, wametoa ndimi kama watoto, na kila ulimi na kahawia yake. Wa Mama ulikuwa tende, umeiva katikati na kupauka pembeni, na ule uzi mwekundu kwenye ukingo ulikuwepo, wallahi niliuona. Wa Bi Shemsa ulikuwa karafuu, umewaka wekundu kuliko manila. Wa Mjomba Kondo ulikuwa sukari guru juu ya tambuu ya miaka mingi, na hiyo ni karatasi ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kuisemea. Pale mlangoni waliosindikiza walikuwa wamejazana, na simu zao.

Bi Shemsa alitoa simu yake, akaigeuza kioo, akautazama ulimi wake. Akageuka akautazama wa Mama. Akageuka akautazama wa Mjomba. Aliyezaliwa dukani ni wa dukani tu, hata hospitali.

"Wa mama yako umekaa vizuri," alisema. "Wangu mwekundu mno."

Nikasema, "Ndiyo, Bi Shemsa."

"Lakini sitaki hata mmoja katika hii. Kadi ikifika Tanga mtu akaimwagia chai, jina la mwanangu liondoke? Nataka ule uliokataa kunywewa." Akaufungua mkoba na kuniuliza kama karatasi ile ya kutu ni yangu au abaki nayo. Aliibeba, kumbe. Nikasema abaki nayo. Akasema nitaziandika kadi zake zote, ila nitaziandikia dukani kwake, mbele ya macho yake, na popote katika kadi hizo asione neno Shaweji.

Hivyo ndivyo nilivyoipata kazi niliyoitaka, na ndivyo nilivyoipata bila kile nilichoitakia.

Tuliporudi nyumbani Maalim Jumbe alikuwa bado anatusubiri barazani na sahani yake. Mama akakaa, akaomba maji ya waridi yaliyobaki, kombe la kweli likaoshwa, akalinywa taratibu. Tulikuwa sisi tu wakati huo, wageni wamekwisha kutawanyika kwenda kusambaza habari. Alipomaliza akafuta mdomo kwa ncha ya kanga na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akanitazama.

"Mwanangu, mkono unao. Katika yote unayoweza kuandika, hukupata hata neno moja la kumfaa mtu?"

Maneno ya Mjomba Kondo nimeyazoea na nitayazoea mpaka mmoja wetu afe. Haya ya Mama sijapata jibu lake.

Kadi za Bi Shemsa niliziandika zote, dukani kwake, nyuma ya marobota ya kanga, kwa wino wa kutu, na zimefika Tanga na Unguja na Maskati, na watu wanazisifu bila kujua wanamsifu nani. Ninapopita sokoni wananiuliza kama leo nimeleta la kunywa. Dobi ananiita Maalim Wino. Stashahada nimeihamishia chumbani kwangu, nyuma ya mlango (ukifunga mlango inaonekana vizuri tu, mkija nitawaonyesha).

Lakini jambo moja nimeliapia na nimelishika. Kalamu bado naijaribu kila asubuhi, maana kalamu isiyojaribiwa hukauka, na bado nazitazama zile kahawia zikibadilika kutoka karatasi hadi karatasi, nazo bado zinanishangaza. Ila jina langu siliandiki tena kwenye majaribio, natafuta neno la kumfaa mtu. Juzi Mjomba Kondo alipita uani akakuta karatasi moja ya tende imeanikwa chini ya jiwe, laini, inang'aa. Akaiokota, akainusa, akaniuliza hii ni ya kusoma au ya kunywa. Nikamwambia asome. Akaisogeza mbali na macho, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote neno moja.

Maji. Maji. Maji.

Akaniangalia, akairudisha chini ya jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Maskati hakuwa na neno.